Meli Niliyoishona

Kaka yangu alipohamia kwangu Kawangware, kompyuta yake ilitangulia na nguo zikafuata siku nyingine. Niliiona ikishushwa kwenye mkokoteni, imefungwa blanketi, nikajua huyu si mgeni wa wiki moja. Alikuwa fundi wa redio na kompyuta kule Silanga kwa miaka mingi, kibanda chake kikiwa kati ya wauza makaa na akina mama wa mboga za sukuma, na ile mashine aliiunda mwenyewe kwa vipande ambavyo maofisi yalikuwa yametupa. Kibanda alikifunga kwa sababu ya macho. Hakutaka kumharibia mteja redio yake halafu aanze kuomba radhi kwamba haoni.

Ugonjwa wenyewe ni ule watu wanaouita presha ya macho. Daktari alitueleza sote wawili, mimi nikiwa kwenye kiti cha pembeni na mkoba mapajani, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ya matone ilikuwa ya kuchelewesha tu. Kaka yangu aliuliza itachelewesha kwa muda gani. Daktari alisema hilo hawezi kuahidi. Tulipotoka nilimshika mkono tuvuke barabara, naye akautoa mkono wangu polepole, bila hasira, kama mtu anayeondoa uzi kwenye shati. Tangu siku hiyo aligonga ndoo, akagonga milango, akagonga kona ya meza ya cherehani mpaka goti likaota kovu, lakini mkono wa mtu hakuutaka. Nilimwambia kiburi chake kitamvunja mguu. Akasema mguu ni wake.

Alikuwa akiona katikati tu. Pembeni kote kulikuwa kumefungwa, na hapo katikati palikuwa pakipungua. Yeye mwenyewe alisema ni kuchungulia chumba kupitia tundu la kufuli, na kwamba kuna mtu anaziba lile tundu taratibu.

Kilichobaki kwenye tundu hilo alitaka kukitumia kwa jambo moja. Kwenye kompyuta alikuwa na mchezo wa ndege za kivita. Si ule wa kubonyezabonyeza ambao vijana wanaucheza kwenye simu. Huu unafanana na kazi. Kuna manowari kubwa ambayo mgongo wake ni uwanja wa ndege, na kabla ya kupaa kuna ramani ambapo unapanga kila kitu: ndege ngapi, zibebe nini, zipite wapi, zirudi vipi. Yeye alitaka kupanga shambulio moja kamili kutoka baharini, aongoze ndege nne, wapige shabaha, zote nne zirudi, na ya kwake aitue mwenyewe juu ya meli huku akiiona kwa macho yake. Alikuwa amejaribu kutua mara nyingi hata kabla hajaanza kuugua, na hakuwahi kufaulu, kwa maana sitaha ya meli ni fupi na inayumba. Baada ya hapo, alisema, macho yaende yanakotaka kwenda.

Mimi nilikasirika. Mwanamke unashona sare za shule kuanzia asubuhi, mgongo umekufa, halafu unakaa kunywa chai na mtu mzima anarusha mabomu hapo hapo mbele ya sufuria zako. Vyumba vyangu ni viwili, kimoja kinatazama njia ya kwenda Riruta Satellite na ndicho cha kazi, na huko ndiko alikolala yeye, na kompyuta, na cherehani. Mtu angeweza kutumia macho yake ya mwisho kwa mambo ya maana. Angeweza kwenda Kitui akaone nyumbani kwa wazee wetu. Nilimwambia hivyo, akajibu kwamba nyumbani anakujua hata akifumba macho, lakini kutua hajawahi kutua.

Siku moja nikamuuliza tunapiga nani. Akasema hatupigi mtu, tunapiga matangi ya mafuta bandarini, nchi yenyewe haipo. Nikasogea nikatazama skrini. Kando ya matangi kulikuwa na miraba midogo mingi imebanana, ya rangi ya kutu.

"Na hizi ni nini?"

Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Manyumba," akasema.

Sisi tulilelewa hapa hapa mjini, Kambi Muru, chumba kimoja, mabati juu na mabati kando. Ndege ndogo za uwanja wa ndege wa jirani zilipita chini sana juu ya mapaa yetu, na mama akiwa anaongea alinyamaza mpaka ndege ipite, kisha akaendelea na sentensi pale alipoiachia. Mimi najua bati linavyotetemeka. Nikamwambia sitampikia mtu anayepitisha mabomu juu ya mabati ya watu, hata kama nchi haipo. Nilisema kwa utani, au nilidhani ni utani. Yeye hakucheka. Alifuta ule mstari wote, akachora mwingine unaotoka baharini na kufuata ufuo, ili bomu likikosa shabaha lianguke majini. Njia ikawa ndefu, na njia ndefu maana yake mafuta mengi.

Nadhani hapo ndipo aliponinasa. Zile namba ndogo za kando ya ramani hakuwa akizisoma tena, nami nikaanza kumsomea: umbali, kimo, upepo, mafuta. Nilisoma nikiwa na pini mdomoni na suruali ya mtoto wa watu mkononi. Pole pole nikaelewa kinachoendelea. Shambulio la kutoka melini hupangwa kuanzia mwisho. Kwanza unajiuliza ukirudi kwenye meli unataka mafuta kiasi gani yawe yamebaki, ukikosa kutua mara ya kwanza uweze kuzunguka na kujaribu tena. Ukishajua hilo ndipo unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye kupaa. Nikamwambia nguo nayo hukatwa hivyo, huanzi na mkasi, unaanza na mtoto akiwa ameivaa, halafu unaongeza ya pindo. Alilipenda neno hilo. Tangu siku hiyo mafuta ya akiba tukayaita pindo, na kila nikimaliza kusoma namba aliniuliza pindo limebaki kiasi gani.

Lakini ramani ilimshinda. Kwa tundu lile aliona kipande, na akihamia kipande kingine kile cha kwanza kilikuwa kimempotea. Alikuwa akihema kwa hasira mbele ya skrini. Basi nikachukua kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye sare, nikainakili ramani kwa chaki ya fundi, kisha nikaishona ili aisome kwa vidole. Ufuo niliupiga uzi mnene. Milima nilikunja kitambaa nikaishikiza. Matangi yakawa vifungo vya shati. Mahali penye makombora ya kuzuia ndege niliweka kulabu za sketi, zikae zikimchoma. Njia ya kwenda na kurudi ilikuwa sufi nyekundu. Na meli nikaipa kifungo kikubwa cha koti, nikakishona kwa uzi mara mbili, nikafunga fundo nyuma. Ilikuwa kazi safi, na nilijisifu moyoni.

Alikaa nayo mapajani kila asubuhi, vidole vikitembea, midomo ikicheza. Mama anayeuza dagaa wa omena langoni mwa ploti yetu ya vyumba vya kupanga aliniuliza kama ndugu yangu ameanza kufuma. Nikamwambia anapanga vita. Akasema sawa, ila ashinde kabla ya mvua, maana kukinyesha stima hukatikakatika.

Alijaribu Jumapili moja baada ya kanisa. Mimi nilikaa kando yake na nguo zangu za ibada. Yeye na marubani wake watatu wa kompyuta walipaa vizuri, wakazikwepa zile kulabu, wakaja kwa njia ya ufuo, na matangi yakawaka. Hakuna bomu lililoenda kwenye mapaa. Nilipiga makofi, mimi niliyekuwa nikilalamika, nikajishika mdomo. Kisha wakageuka kurudi. Alikuwa ameiamuru meli izime redio yake ili adui asiisikie, kwa hiyo walirudi kwa hesabu tu, mkono wake mmoja kwenye kijiti cha kuongozea na mwingine kwenye kitambaa. Sufi nyekundu ikamfikisha kwenye kifungo cha koti.

Bahari ilikuwa tupu.

Aliniuliza meli iko wapi, nikasema sioni meli. Akageuza ndege, akazunguka, akaniuliza tena. Nilitazama kila kona ya ile skrini, kulikuwa na maji na ukungu. Wale marubani wengine watatu, ambao ni sauti za kompyuta tu, wakaanza kusema mafuta yanaisha. Wakaanguka mmoja mmoja. Yeye alikuwa wa mwisho. Injini ilipozima chumba kikawa kimya, na hapo nikaona kidole chake bado kiko juu ya kifungo, kinakizunguka, kinajaribu kukisogeza nacho hakisogei.

"Siz," akasema, jina analoniita dada yake tangu utotoni. "Hii meli umeishona."

Meli haikai mahali pamoja. Hiyo si siri, na aliijua kuliko mimi. Inageuka kuufuata upepo ili ndege zipate nguvu ya kupaa na kutua, na ninyi mkiwa huko vitani yenyewe inaendelea na safari. Yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha habari za upepo. Lakini kwa wiki zote zile vidole vyake vilikuwa vikiikuta pale pale, imara, na vidole vikashinda kichwa. Mimi kwa upande wangu sijawahi katika maisha yangu kushona kifungo ili kitembee. Ukikabidhi nguo na kifungo kinalegea, mteja anakurudishia.

Kama ingekuwa ni mchezo tu ningecheka. Uchungu wangu ni kwamba kila wiki ilikuwa inamla macho. Siku zilizofuata nilimwona akidondoshea matone shavuni akidhani ni jichoni. Nilimwona akimsalimia mteja wangu ambaye tayari alikuwa ameondoka. Niliikata ile meli kwa wembe, nikaipitishia uzi mrefu uliolegea, ili kifungo kiteleze kwenye mstari wa safari yake, na tukaanza kupanga upya. Sasa kila hatua ya ndege ilikuwa na hatua ya meli. Wakivuka ufuo, meli iko hapa. Wakigeuka, imefika pale. Mimi nikisema, yeye anasogeza. Tulirudia mpaka nikawa naota upepo.

Mvua zikaja, na mama wa omena alikuwa amesema kweli kuhusu stima. Kwenye ploti yetu wakitumia koili za kupikia wawili na mmoja akipiga pasi, taa hukonyeza na kuzima. Kwa hiyo Jumamosi moja alasiri, mvua ikiwa imetulia, nilizunguka mlango kwa mlango nikiwaomba watu wasichomeke kitu chochote kizito mpaka nitakapowaambia. Niliona haya. Sikujua niseme sababu gani, nikasema ndugu yangu ana jambo kwenye kompyuta na haliwezi kukatika. Wengine nadhani walifikiri anatafuta kazi ughaibuni. Hakuna aliyekataa. Mmoja alikuwa katikati ya kupiga shati pasi, akachomoa waya mbele yangu.

Walipaa. Nilisoma namba kwa sauti ya kawaida, kama nilivyozoea, naye alisogeza kifungo bila kukosea. Matangi yaliwaka. Mapaa yalibaki yalivyo. Walipogeuka kurudi nikasogeza kiti karibu na skrini. Kisha nikaiona, kidoa cha kijivu kwenye maji, kidogo kuliko punje ya mchele, mahali pale pale tuliposema itakuwa. Nikamwambia ipo. Akashusha pumzi ndefu. Wale watatu akawatanguliza, wakatua, mmoja baada ya mwingine, na kila alipotua mmoja aliniuliza kama yuko salama, nami nikasema yuko salama.

Ikabaki ya kwake. Akaiweka ndege nyuma ya meli, akateremsha magurudumu na ile ndoano ya mkiani inayotakiwa kunasa waya wa sitahani. Huu ulikuwa mgao wake, ndio alioungojea, na nilikuwa nimeapa sitasema neno. Nikamtazama yeye badala ya skrini. Alikuwa akigeuza kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia, kama kuku anayetafuta mahindi, na macho yake hayakuwa yakikamata kitu. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. Ni shingo iliyokuwa inahangaika. Meli ilikuwa inakua mbele yetu, sasa ni kubwa kama kiganja, mwanga wake umejaa chumba, na mtu mwenyewe anageuza kichwa.

Nilielewa, na moyo wangu ukavunjika pale pale kitini. Mtu ambaye hataki hata kuvushwa barabara, utamwambiaje.

"Inaonekana?" akauliza.

"Inaonekana."

Akaacha kugeuza kichwa. "Iko upande gani?"

"Mbele," nikasema. "Kushoto kidogo. Hapo. Uko chini, panda kidogo. Umezidi. Hapo hapo, usiguse kitu."

Sauti yangu sikuitambua. Lakini yeye aliitambua, kwa maana miezi yote hiyo ilikuwa ikimsomea, na alijua nikisema kidogo ni kidogo kiasi gani. Nikamwambia kulia unywele mmoja. Nikamwambia shuka, shuka, wacha. Ndege ikapiga sitaha kwa kishindo, ikavutwa nyuma, ikasimama.

"Imeshika?"

"Imeshika. Zote nne ziko nyumbani."

Hakukiachia kile kijiti. Nje mtoto alikuwa akiimba wimbo wa shule, akirudia ubeti mmoja anaoujua. Kaka yangu alikaa ameelekeza uso kwenye skrini, na mwanga wa ile meli ukimpiga usoni.

"Sijaiona," akasema. "Hata kidogo."

"Najua."

"Sioni kitu, ni kama tangu mvua ianze. Nilifikiri nikikaribia kabisa itakuja."

Kanisani tuna maneno ya wakati kama huo, na ninayajua yote. Hakuna lililokuja. Nililia mimi kwanza, yeye akafuata, hatukushikana, tulilia kila mtu kwenye kiti chake mpaka tukaishiwa. Kisha akapangusa uso kwa ile ramani ya kaki, ndiyo iliyokuwa karibu, akasimama. Nikasimama pia.

Choo cha ploti yetu kiko mwisho kabisa, unapita bomba la maji, kamba za nguo, na mabeseni ya watu. Siku zote alikwenda peke yake kwa kupapasa ukuta, na alirudi ameumia mahali, na haikuzungumziwa. Sasa alisimama mlangoni, mikono imening'inia.

"Usinishike," akasema. "Niambie tu."

Nikatoka nyuma yake. Nikamwambia mbele. Nikamwambia kulia kidogo, kuna ndoo. Inama, kamba ya nguo. Wanawake waliokuwa kwenye bomba wakavuta mabeseni yao kando bila kuambiwa, na yule wa pasi akachungulia mlangoni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ndugu amemaliza, wachomeke. Nikamjibu kwa kichwa kwamba amemaliza. Nyoosha, nikamwambia kaka yangu, umefika, mlango uko mbele yako. Akanyoosha mkono, akaugusa, akashika komeo.

"Usiende," akasema, bila kugeuka. "Ningoje hapo hapo."

Nikamngoja.